Opal na Vitabu Visivyoegemea Upande

Brennans Patch, Pennsylvania
11 Septemba 2016

Shangazi Aldona mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na je, Sista Klotilda bado anakuibia karata? Sisi huku wazima. Baba anakusalimu, amepika nyanya na kuzifunga kwenye mitungi mpaka chumba cha chini hakina pa kukanyaga, na bado anachuma. Clint anaendesha lori lake kama kawaida, zamu ya asubuhi, anarudi mchana na njaa ya watu wawili. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoamuru, maana simu wewe huikata mtu akiwa katikati ya sentensi, halafu unasingizia mtandao.

Sasa kaa kitako. Tumemtoa Opal shule. Atasoma nyumbani, na mwalimu ni mimi.

Najua umeshaanza kunung'unika, lakini nisikilize kwanza. Mwaka jana wote, kila Jumatatu mtoto tumbo linamuuma. Daktari akampima, hana kitu. Hakupigwa wala hakutukanwa na mtu. Alikuwa anauliza tu, na darasa limejaa, na mwalimu wake maskini ana mtihani wa kuwaandalia. Akaambiwa maswali yake ayaweke mpaka mwisho wa kipindi, na mwisho wa kipindi ukawa haufiki. Kufikia masika akaacha kuuliza. Opal, Shangazi! Yule aliyekuuliza wewe mezani kama watawa wana nywele! Kimya chake kiliniogopesha kuliko homa yoyote aliyowahi kuugua.

Clint, kama baba yake, hakupenda wazo hili. Amekubali mpaka Juni tu. Sheria ya jimbo letu inataka mwisho wa mwaka mwalimu mwenye cheti amkague mtoto na aandike kwamba amesoma kweli. Asipopita, au akiwa bado amenuna, anarudi darasani, na mimi nimeahidi sitabisha.

Basi nahitaji vitabu. Wewe umewafundisha mabinti wa watu biolojia tangu sijazaliwa. Niambie vitabu vinavyomfanya mtoto asahau chakula, visivyo na mambo mengi ndani. Kipo kikundi cha wazazi wanaosomesha nyumbani, kiongozi wake ni Faye Dietrich, mama mwema sana, lakini hatukujiunga kwa sababu ya umbali.

Mwanao,
Nadine


Duluth, Minnesota
2 Oktoba 2016

Nadine mwanangu,

Marahaba. Goti ni bovu na litabaki bovu. Klotilda anaiba karata, nami naiba zake, kwa hiyo tunakwenda sawa. Theluji bado, lakini masista wazee wa humu wameshaanza kuitabiri kwa furaha isiyo ya kawaida. Mwambie kaka yangu Leonard nyanya aache nyingine zianguke, si lazima ale zote yeye.

Sikubaliani nawe. Naliandika mapema lisije likanikaa kooni. Mtoto hujifunza kwa kumsikia mwenzake akikosea. Nyumbani Opal atamsikia nani akikosea? Wewe, labda, na huenda hilo likamtosha.

Lakini mtoto aliyeacha kuuliza ni jambo zito, na nimewaona wengi mno ambao hakuna aliyegundua kwamba wameacha. Wewe umegundua. Kwa hiyo ubishi nimeumaliza, na nakutumia sanduku la vitabu vyangu vya kufundishia. Vingine vina madoa ya dawa za maabara. Usimruhusu avilambe.

Sasa nijibu. Vitabu "visivyo na mambo mengi" ni mambo gani hayo? Kitabu kisicho na mambo ni daftari tupu. Halafu umbali gani? Leonard amewahi kuniambia Faye Dietrich anakaa nyuma ya kituo cha zimamoto, na kituo cha zimamoto kiko mtaani kwenu.

Na Padre Stanley je, bado anahubiri mpaka viazi vinaungua majumbani mwa watu?

Shangazi yako,
Sista Aldona


Brennans Patch
6 Novemba 2016

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi imeingia na kila mwanamume anasafisha bunduki. Opal ameniuliza kama wanaosoma nyumbani nao wanapewa likizo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Nikamwambia shule yetu inafuata kalenda ya wilaya, na siku hiyo wilaya hufunga shule zote. Baba yake akafurahi mpaka akaosha vyombo.

Sanduku lako limefika, asante sana. Mtu wa posta alilibeba akihema na akaniuliza kama tunajenga. Opal alikifungua kile kikubwa cha kijani na kunisomea kwa sauti: "Huenda siku moja binadamu akafika mwezini." Akacheka mpaka akalala sakafuni. Kwa hiyo siwezi kusema hakikumvutia. Vilivyobaki amevipanga dirishani, anakanyaga juu yavyo kumchungulia kindi.

Kwa hiyo nikaingia dukani mwenyewe. Faye alikuja na pai ya molasi (nilikwambia ni mwema) akanionyesha orodha ya wachapishaji anaowapenda. Nikamwambia mimi natafuta kitu cha kawaida. Akafikiri, akasema ipo mitaala "isiyoegemea upande wowote". Nikaipenda sana hiyo kauli. Nani asiyependa kutoegemea upande? Nikaagiza sanduku zima la mwaka mzima, sayansi, historia, kusoma, na kadi za rangi, na bei yake sikwambii wala Clint sijamwambia.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha tukaenda kule kwenye vilima vya mabaki ya mgodi wa makaa, Opal akaokota lile jiwe jeusi lenye chapa nyeupe ya majani ya kangaga, unalijua, sote tulikuwa nalo utotoni. Safari hii akashtuka kwamba ule ulikuwa mmea. Akakimbilia kitabu kipya. Kikamwambia kwamba mimea hiyo iliishi "zamani za kale".

"Zamani za kale ni lini?" akaniuliza.

Shangazi, lilikuwa swali lake la kwanza la masomo tangu masika. Nilitaka kulia. Nikafungua ukurasa unaofuata nimjibu, na ukurasa unaofuata unahusu jinsi ya kusafisha mawe kwa mswaki. Nikapekua kitabu chote. Hakisemi lini. Opal akanitazama, akakifunga, akasema, "Na hiki nacho kinasubiri mwisho wa kipindi." Tangu siku ile hataki kukigusa.

Padre Stanley ni mzima, nasikia.

Mwanao,
Nadine


Duluth
27 Novemba 2016

Nadine,

Marahaba. Theluji imeanguka na masista wamenyamaza, hawana tena cha kutabiri. Klotilda ameteleza akaumiza mkono. Sasa anaiba karata kwa mkono mmoja na bado ananishinda.

Kwanza, jibu la Opal, maana mtoto hasubirishwi: miaka kama milioni mia tatu. Mwambie mahali alipokuwa amesimama palikuwa kinamasi chenye joto, na kereng'ende wakubwa ajabu wakiruka juu yake. Makaa ya mawe yaliyomlisha babu yake ni misitu hiyohiyo. Kama kitabu kimeshindwa kumwambia hivyo mtoto wa mji wa makaa ya mawe, kirudishe.

Pili, umenaswa na neno. Katika biashara hii ya vitabu vya nyumbani, "kisichoegemea upande" maana yake ni kwamba mwandishi amefuta kila sentensi ambayo mnunuzi yeyote angeikasirikia. Amefuta umri wa dunia, amefuta namna viumbe wanavyobadilika, amebakiza mswaki. Hakikudanganyi. Kinakaa kimya tu, na wewe ulikuwa unamtoa mwanao kwenye kimya. Unachokitafuta kinaitwa kitabu kisicho cha kidini. Liseme tu. Mimi ni mtawa, nimesali kila asubuhi kabla ya kuingia darasani kufundisha umri wa dunia, na haijatokea siku Mungu akaniletea malalamiko.

Usinunue tena sanduku la mwaka mzima kama mtu anayenunua jeneza. Nenda maktaba. Azima. Ukishika kitabu cha sayansi, anzia nyuma, kwenye faharasa: tazama kama maneno mazito yamo au yamerukwa. Kisha mpe mtoto sura moja, na uondoke chumbani. Akija kukuomba sura ya pili, ndicho. Akiingia nacho chooni na asitoke, kinunue hata kama kimechanika. Hesabu mfundishe kwa michezo ya kete na kwa mapishi. Mwache akosee chumvi. Historia, mtafutie vitabu vya kusikiliza, avisikilize huku mikono ikifanya kitu kingine. Na kila somo liwe na angalau kitu kimoja cha kushika.

Tatu. "Nasikia." Unasikia kutoka wapi, Nadine? Nyumba yenu na kanisa vinatazamana.

Shangazi yako


Brennans Patch
22 Januari 2017

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa nimechelewa. Baba alipata mafua ya Krismasi, sasa amepona na amerudia kulalamika. Clint alipata kulungu, friza imejaa. Mbwa alikula pierogi za mkesha, zile tulizojaza viazi, zote, akiwa amesimama juu ya kiti.

Opal anakusalimu. Zile milioni mia tatu zimemwingia kichwani. Amefunga uzi kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, kila hatua ni miaka mingi, na sisi binadamu tumekaa kwenye fundo la mwisho karibu na mwavuli. Kila anayeingia anaambiwa asikanyage kereng'ende. Anauliza tangu anapoamka. Clint akirudi kazini anakaa ndani ya gari kidogo kwanza, anapumzika, ndipo anaingia.

Nilifuata ushauri wako wa faharasa. Na hapa ndipo nilipoharibu. Nilianza na vitabu vya sayansi, nikanogewa, nikapekua nyumba nzima. Kila faharasa yenye "Mungu" au "miungu", kitabu kikaingia kwenye boksi. Historia ya Misri ikaenda. Ikienda Misri, na Roma inafuata. Kitabu cha sherehe za dunia kikaenda. Kisha nikachukua kile kikubwa cha hadithi za miungu ya Wagiriki, kitabu ambacho Opal alipewa na baba yangu, nikakitia boksi na boksi nikalipandisha darini.

Siku ya pili Opal akaingia chooni. Dakika zikapita, nikagonga. "Unaumwa?" Kimya. Kimya kile cha mwaka jana, Shangazi. Nikafungua kwa kisu cha siagi. Amekaa juu ya kifuniko, kitabu cha Wagiriki magotini, machozi yanamtoka. Alipanda darini peke yake. "Umesema sasa naweza kuuliza chochote," akaniambia. "Halafu unaficha."

Na wewe pia nakuficha, Shangazi. Kwa hiyo nitakujibu wewe yale uliyoniuliza. Hatukujiunga na kikundi cha Faye kwa sababu wana tamko la imani la kusaini, na lina kifungu cha kuumbwa dunia kwa siku sita, na kalamu ilikataa. Wala si hicho tu. Mimi na Clint hatuendi tena kanisani. Hakuna aliyetukosea, wala Padre Stanley na viazi vyake. Tuliacha kuamini polepole, mmoja akimficha mwenzake, mpaka Jumapili moja tukagundua wote tumekaa jikoni na pajama. Vitabu visivyo na mambo mengi ni hivyo. Nilishindwa kukuandikia wewe neno hilo.

Na bado nina ombi, na najua sina uso wa kuliomba. Mkaguzi wa karibu anawakagua wana-kikundi tu. Wengine siwajui. Wewe cheti chako ni cha Pennsylvania. Je, utamkagua Opal mwezi Juni?

Mwanao,
Nadine


Brennans Patch
19 Machi 2017

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo. Barua yangu ya Januari ilifika? Baba anasema nisikusumbue. Nimemuuliza kwa nini, anasema mfereji wa paa unavuja, akatoka nje.

Boksi nimelishusha. Kitabu cha Wagiriki kiko mezani. Opal hajakigusa mbele yangu.

Kama jibu ni hapana, niandikie hapana. Hata kwenye kadi tu.

Nadine


Duluth
18 Aprili 2017

Nadine mwanangu,

Marahaba, na heri ya Pasaka, uipokee au usiipokee. Mkono wa Klotilda umepona. Barafu ya ziwani inapasuka kwa kelele, tunalala vibaya.

Barua yako ilifika. Februari nilikujibu mara kadhaa, na kila jibu nililichana, maana lilikuwa la hasira. Kisha ikaja Kwaresima. Unajua kila Kwaresima naacha kitu. Klotilda huacha chokoleti, mimi chokoleti sipendi, ningekuwa namdanganya Mungu. Mwaka huu niliapa kuacha kukugombeza. Nikakaa nikishika kalamu, nikagundua sina neno lingine la kukuandikia. Ndiyo maana nikanyamaza. Kwaresima ilikuwa ndefu kwangu pia.

Sasa imekwisha, kwa hiyo sikiliza. Habari za kanisa Leonard aliniambia tangu mwaka juzi. Nilikuwa nakuuliza habari za padre ili unifungulie mlango, nawe kila mara ukawa unanijibu kupitia dirishani. Nimeumia. Kwamba mmeacha, hilo nitalizungumza na Mungu, tuna muda. Kwamba ulinificha kama mtu anayemficha askari jambo, hilo ni lako wewe, na litachukua siku zake kunitoka.

Haya ya Wagiriki nayo ni upuuzi mtupu, nami naona aibu kwamba umefanya kwa jina la ushauri wangu. Kitabu kisicho cha kidini si kitabu kinachoikimbia dini. Kinasema Wagiriki waliamini hivi, Wayahudi hivi, Wakristo hivi, Waislamu hivi, na fulani hawakuamini kitu. Kinasimulia yote, na hakimwambii mtoto apige magoti. Kile cha akina Faye kinamwambia apige magoti. Kile cha mswaki kinanyamaza ili kiuzwe kwa wote. Na wewe sasa umebuni cha kwako, kinachotoka mbio kikisikia kengele ya kanisa. Mtoto asiyejua hadithi ya Nuhu hataielewa nusu ya michoro iliyomo duniani. Msimulie Nuhu. Msimulie na gharika za watu wengine, kisha umuulize kwa nini kila mtu aliota mafuriko. Hapo ndipo somo linapoanza kunoga.

Unachagua vitabu kwa kuangalia unachokiogopa. Chagua kwa kumwangalia Opal.

Kuhusu ombi lako: nitakuja kwa basi wiki ya kwanza ya Juni. Nitamkagua. Lakini ujue unamwomba nani. Nimewahi kumrudisha darasa binti wa meya, na mama yake akilia ofisini. Kama Opal hajasoma, au kama amesoma lakini amenyamaza, nitaandika hivyo, na Septemba atapanda basi la njano la shule. Udugu nitauacha Duluth.

Shangazi yako


Brennans Patch
12 Juni 2017

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na goti halikukasirishwa na safari. Umesahau miwani ya kusomea kwenye mtungi wa biskuti. Usiniulize, wewe ndiye uliyeiweka. Baba tangu uondoke anavaa shati safi kwa mazoea tu. Clint anasema hajawahi kuona mtu mzima akibishana na mtoto kuhusu kereng'ende kwa saa nzima na wote wawili wakawa na raha.

Siku zote ulizokaa nilikuwa nikikuangalia uso nijue. Uso wako hausemi kitu, Shangazi. Kabichi na tambi ulikula ukasema "hm". Ulipotoka naye vilimani, mkarudi wachafu, nikauliza vipi, ukasema "hm". Ulimfungia sebuleni asubuhi nzima na vitabu vyake vya maktaba, mimi nikipita na fagio mlangoni mpaka sakafu ikang'aa. Kisha ukapanda basi ukaniambia niongeze siki kwenye mayai ninayoloweka kwa maji ya bitiruti.

Clint anauliza kila akirudi. Karatasi inatakiwa wilayani kabla Juni haijaisha. Opal hana habari. Ameazima kitabu cha volkano na ameharibu sinki. Mimi ndiye silali. Kama unamrudisha shule, niambie, nitatimiza ahadi yangu kwa Clint na sitakulaumu. Amepata mwaka mmoja mzuri, na hata huo ni kitu.

Lile jambo jingine, lile lililobaki kati yetu, sitaliuliza.

Mwanao,
Nadine


Duluth
17 Juni 2017

Nadine mwanangu,

Marahaba. Goti limevimba, lakini lilikuwa likivimba hata nilipokuwa sisafiri. Klotilda amenikumbuka mno, ameniachia nishinde mchezo mmoja kwa makusudi. Miwani itume, na biskuti chache zije nayo, za kuilinda isivunjike.

Karatasi ya wilaya imo humu. Amefaulu. Soma sentensi hii mara mbili, kisha ukalale.

Sasa nikueleze, maana utataka kujua. Hesabu yake ni nzuri, isipokuwa sehemu anazikata kama pai na anajipa kipande kikubwa. Tahajia yake ni ya kutisha, ishughulikie. Kule vilimani nilimuuliza jambo ambalo mimi mwenyewe silijui, nililiandaa makusudi. Mtoto wa shuleni angekisia ili anifurahishe. Opal alinitazama akasema, "Sijui. Wewe unajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi twende tukaangalie," akanishika mkono akaanza kuteremka, kasahau kabisa kwamba nina goti. Nimewafundisha mabinti wengi walionizidi akili. Walionishika mkono hivyo ni wachache sana.

Lakini tazama tarehe niliyosaini. Utaona ni ya siku niliyofika, kabla ya vilima, kabla ya hesabu, kabla ya chochote. Si kwamba nimekosea.

Jioni ile wewe na Clint mlikuwa nje mnagombana na jiko la mkaa. Mimi na Opal tulikuwa tumekaa mezani tunasubiri soseji. Alikuwa anamenya viazi vya kuchemsha. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Shangazi, una huzuni kwamba sisi hatuendi kanisani?"

Nadine, tangu mwaka juzi hakuna mtu mzima wa ukoo huu aliyethubutu kuniuliza hivyo, si Leonard, si wewe. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, "Ndiyo. Nina huzuni sana."

Akamenya kidogo. "Na bado unatupenda?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Sana."

Nilidhani atalia, au atakuja kunikumbatia, au atakimbia kukwambia. Hakufanya hata kimoja. Alifikiri, kisu kikiwa hewani, akasema, "Basi yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja," akaniwekea kiazi kwenye sahani.

Nikachukua mkoba wangu, nikatoa karatasi, nikasaini papo hapo. Kalamu iliacha alama ya siagi pembeni, utaiona. Siku zilizofuata sikukwambia kwa sababu ukiwa na wasiwasi unapika vizuri mno.

Shangazi yako, anayewapenda,
Aldona